Je, sisi binadamu ni spishi ya kawaida? Hesabu inakwama wapi?

Mdodosi: Wakuu, naombeni msaada. Tangu Copernicus, mwanafalaki aliyesema dunia si kitovu cha ulimwengu, tumezoea kusema hatuna nafasi ya pekee ulimwenguni. Basi, kama sisi ni spishi ya kawaida na tuko bilioni 8, je, naruhusiwa kukisia kuwa spishi nyingine zenye akili, kama zipo, nazo zina bilioni 8 hivi? Nahisi kuna kosa ila silioni.

Kokotoo: Kosa liko kwenye kile ulichookota. Hukuokota spishi; umeokota mtu mmoja, wewe. Fikiria madarasa mawili, moja la wanafunzi 90, jingine 10. Wastani wa madarasa ni 50. Lakini ukimuuliza kila mwanafunzi darasa lake lina wangapi, wastani wa majibu unakuwa 82, maana darasa kubwa limejibu mara 90.

Sasa weka spishi 10: tisa zina watu milioni 10 kila moja, ya kumi bilioni 10. Ukiokota spishi, ile kubwa ina nafasi ya asilimia 10. Ukiokota mtu, ni asilimia 99.1. Kwa hiyo anayeuliza swali lako, popote alipo, huenda yuko kwenye spishi kubwa kuliko zilizo nyingi.

Mdodosi: Nimekusoma mkuu. Narekebisha kwa kiasi gani?

Kokotoo: Inategemea spishi zinapishana kiasi gani. Tuseme logi asilia ya idadi (logi ya kizio e, kama 2.718) inafuata mgawanyo wa kengele, yaani nyingi ziko katikati na chache pembeni, na mkengeuko sanifu, kipimo cha kutawanyika kwake, ni σ (sigma). Kuokota kwa watu kunausogeza mgawanyo huo juu kwa σ², yaani idadi ya katikati inazidishwa kwa e^(σ²). σ ikiwa 1, mtu wa katikati yuko kwenye spishi kubwa mara 2.7 kuliko spishi ya katikati. Ikiwa 2, mara 54.6. Gawanya bilioni 8 kwa 54.6, unapata kama milioni 147. σ ikiwa 0 spishi zote zinalingana, huna cha kurekebisha.

Tegemeo: Hesabu iko sawa, ila hiyo σ imetoka wapi? Tuna spishi moja tu mkononi, na kitu kimoja hakionyeshi tofauti. Jaribu mwenyewe: σ ya 0.5 inakupa spishi ya katikati yenye bilioni 6.2; σ ya 3 inaishusha chini ya milioni 1. Mwelekeo naukubali kabisa, namba siikubali. Na usiichague σ kwa kuchungulia zile bilioni 8 halafu uzitumie tena kwenye hesabu. Ushahidi mmoja utakuwa umehesabiwa mara mbili.

Jambo jingine, amua mapema nani anaingia kwenye kapu. Siafu na sisimizi wanatuzidi kwa mbali. Ukiwatia, kuokota mtu kunakuwa bahati adimu mno. Ukiwatoa, sema kwa kigezo gani, kwa mfano viumbe wanaoweza kuliuliza swali hili. Na kama unahesabu wote waliowahi kuzaliwa na watakaozaliwa, badala ya walio hai leo, hilo ni swali jingine: ndiko iliko hoja ya mwanafizikia Brandon Carter ya 1983 kuhusu mwisho wa binadamu. Usizichanganye kwenye jedwali moja.