Mke ana mimba ya miezi mitatu, mwenye nyumba anachomea zebaki uani. Sheria inasemaje?

Kijana wa Karasha:
Wakuu, heshima kwenu. Nipo machimboni Geita, nimepanga vyumba viwili. Mwenye nyumba ananunua dhahabu, na kila jioni anachoma uani, hatua kumi kutoka jikoni kwetu. Donge la dhahabu iliyoshikwa na zebaki juu ya bati, bati juu ya mkaa, basi. Wife alikuwa anaosha marudio (mchanga uliokwisha kuoshwa mara ya kwanza) mwaloni, pale pa kuoshea dhahabu, nimemsimamisha. Mimba ya kwanza ilitoka. Sisemi ni zebaki, ila roho haitulii. Mwenye nyumba nikimwambia anacheka, eti babu yake alichoma na akazaa kumi na mmoja. Kuna sheria ya kunisaidia au nihame tu?

Duara la Nane:
Mkuu, mpe maziwa nusu lita kila jioni. Wote huku tunaishi hivyo hivyo.

Nesi Mstaafu:
Duara, maziwa ni chakula kizuri ila hapo hayazuii kitu. Mvuke wa zebaki unaingia kwa pumzi, unafika kwenye damu na kupenya kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Hauonekani wala haunuki, na kitambaa puani hakiuzuii. Mleta uzi, kliniki amwambie mhudumu waziwazi kwamba anaishi panapochomwa zebaki. Kipimo chake ni cha mkojo, huenda akapewa rufaa. Ila asikae hapo akisubiri majibu.

Mzee wa Leseni:
Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Minamata ni mji wa Japani: akina mama walikula samaki wenye zebaki, wengine wenyewe hawakuonyesha dalili kubwa, lakini watoto wakazaliwa na ubongo ulioharibika. Kwa wachimbaji wadogo, mkataba unataka nchi zichukue hatua za kukomesha kuchoma wazi na kuchoma kwenye makazi, na wajawazito wametajwa humo.

Lakini mkataba unaibana serikali. Mwenye nyumba wako anabanwa na Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya 2003, inayotaka wanaoshughulika na kemikali hizo wasajiliwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Muulize cheti, uone kama atacheka. Akikaza, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha afisa mazingira wa halmashauri, kisha ofisi ya Mkemia Mkuu, Mwanza. Mwambie pia kuhusu retoti, kile chombo cha chuma kilichofungwa chenye bomba. Anachomea humo, zebaki inarudi, hanunui nyingine. Hapo kwenye hela atakusikiliza.

Mama Wawili:
Mdogo wangu, hizo ofisi utazungukia baadaye. Leo mtoe mkeo hapo.

Kijana wa Karasha:
Mrejesho: wife yupo kwa shangazi yake Katoro. Nilipomtaja Mkemia Mkuu jamaa hakucheka, ila kasema kodi inapanda. Nesi, nguo zangu za kazi nizifue tu?

Nesi Mstaafu:
Zifue peke yake, zisichanganywe na za mkeo. Na ukienda Katoro, oga na ubadilishe nguo huko huko machimboni kabla hujapanda bodaboda.