Wajukuu wa Tunguu: picha ya Babu

*Kikundi: WAJUKUU WA TUNGUU (watu 23)*

Jumanne

Shangazi Rukia, 19:12
Assalaam alaykum. Nimeandika asubuhi, nimeandika adhuhuri, naandika tena. Zuwena anazungumza chuoni kwao Jumamosi, huko Massachusetts, habari za Zanzibar na Marekani. Anataka picha ya Babu aliyosimama ubavuni mwa lile gari, na anataka ruhusa yetu amtaje. Mwisho Alhamisi usiku. Mmesoma watu 19. Aliyejibu mmoja, naye kaweka dole gumba.

Khamis (Dar), 19:14
Dole gumba ndiyo ruhusa hiyo Shangazi 😂

Shangazi Rukia, 19:14
Dole si neno. Andika.

Zuwena, 19:20
Shikamooni wazee wangu. Nimepewa dakika 20 tu. Naanza na 1833, maana hapa niliko Salem ni karibu, na wenyeji hawajui kama merikebu za mji wao ndizo zilizokuwa zikitia nanga Unguja kuchukua pembe na sandarusi, ule utomvu wa mti.

Ami Suleiman (Muscat), 19:41
Marahaba mwanangu. Anzia hapo na umalizie hapo hapo. Mkataba wa 21 Septemba 1833, baina ya Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, na Edmund Roberts, ulitiwa saini huku Muscat. Roberts alikuwa mfanyabiashara wa New Hampshire. Alifika Unguja miaka ya 1820, masharti ya biashara yakambana, akarudi kwao akamlalamikia rafiki yake Levi Woodbury, seneta. Woodbury alipokuwa waziri wa jeshi la majini, Roberts akapandishwa manowari Peacock akaja kama mjumbe wa Rais. Ushuru asilimia 5, basi, na ruhusa ya kuweka balozi mdogo.

Ami Suleiman (Muscat), 19:44
Na wa kwanza akashuka Unguja 1837, Richard Waters, mtu wa Salem. Balozi mdogo wa Muingereza, Hamerton, kaja 1841. Wamarekani walitangulia. Hilo ndilo la kusema mbele za watu. Hilo na Sultana.

Khamis (Dar), 19:45
Sultana ile boti ya Pemba?

Ami Suleiman (Muscat), 19:52
Khamis, mambo mengine si ya mzaha. Sultana ni merikebu ya Sayyid Said, iliingia New York 30 Aprili 1840. Mjumbe wake Ahmad bin Naaman. Alimpelekea Rais Van Buren farasi wawili, lulu, na zawadi nyingine. Katiba yao haimruhusu Rais kupokea zawadi ya mfalme mpaka Bunge liridhie, basi zikapokewa kwa niaba ya nchi. Na merikebu yetu wakaifanyia matengenezo kwenye karakana ya jeshi Brooklyn, kwa gharama yao. Sura ya Ahmad bin Naaman na kilemba chake imechorwa, nendeni mkaione Salem. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiheshimiwa.

Mama Fat-hiya, 19:58
Na nguo ya merikani! Marehemu nyanya hakuwa akiiita nguo, akisema "nipe ile merikani yangu". Mie nikidhani ni aina ya mshono 😄

Zuwena, 20:01
Ndiyo hiyo hiyo Mama Fat-hiya. Pamba isiyopaushwa, ilifumwa viwandani huku. Ilitoka Unguja ikaenda Tabora mpaka Ujiji, na bara watu wakiipokea kama fedha. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 ndivyo vilivyoiharibia soko, pamba ikaadimika, Bombay wakaingia.

Mama Fat-hiya, 20:03
Kwani mnajua bei ya kanga sasa hivi pale Darajani? Jozi moja 😩

Khamis (Dar), 20:03
Tumeanza

*(jumbe 14 juu ya bei ya kanga)*

Shangazi Rukia, 20:40
JAMANI. Picha.

Shangazi Rukia, 20:46
Na wewe Suleiman, ya 1833 na 1840 yamo vitabuni, mwenye kutaka atayasoma. Mzee wetu hayumo kitabuni. Kama Zuwena hamsemi, hakuna atakayemsema.

Jumatano

Ami Suleiman (Muscat), 06:15
Habari ya Babu na kituo cha Wamarekani pale Tunguu iacheni. Nimelala nikiliwaza. Wapo watu wangali hai.

Shangazi Rukia, 06:17
Najua wangali hai. Na mie ningali hai. Nilikuwa na miaka saba.

Zuwena, 07:30
Ami, naomba niseme nilichonacho kisha mniongoze. Marekani walipewa Tunguu na Muingereza mwaka 1960, wajenge kituo cha kufuatilia vyombo vya angani vya Mercury, mpango wao wa kwanza wa kupeleka watu angani. Vituo 18 dunia nzima, kimoja kwetu. Watu wengine mjini wakasema ni cha makombora, wakaandamana. Tarehe 20 Februari 1962 mwanaanga wao John Glenn alipozunguka dunia, alizungumza na kituo cha Tunguu. Yakaja Mapinduzi Januari 1964, Marekani wakachelewa kuitambua serikali mpya mpaka 23 Februari. Aprili kituo kikaamriwa kiondoke.

Zuwena, 07:36
Halafu nimeweka ya Frank Carlucci, balozi wao mdogo Unguja. Januari 1965 alizungumza kwa simu na Robert Gordon wa ubalozi wa Dar. Walikuwa wakitafuta hoja za kuwashawishi wakubwa wao Washington watume salamu za mwaka mmoja wa Mapinduzi, na hoja hizo wakaziita "risasi", kwa mazoea ya lugha yao. Simu ikasikilizwa, neno likachukuliwa lilivyo. Wote wawili wakafukuzwa nchini.

Khamis (Dar), 07:40
Ndo maana mie nikipiga simu nasema "nimefika, nakata" 😅

Shangazi Rukia, 07:44
Na huyo Carlucci akawa nani?

Zuwena, 07:45
Waziri wa Ulinzi wa Marekani, 1987.

Shangazi Rukia, 07:49
Haya. Kafukuzwa, karudi kwao, kawa waziri. Mzee wetu hakufukuzwa, yeye kabaki hapa na jina la "mtu wa Wamarekani" mpaka tunamzika. Skuli nikiitwa hivyo. Fat-hiya shahidi.

Mama Fat-hiya, 07:55
Kweli. Na kazi hakupata tena.

Shangazi Rukia, 07:58
Picha iko kwenye sanduku. Sanduku kaondoka nalo nani siku ya khitma?

Khamis (Dar), 07:58
👀

Ami Suleiman (Muscat), 08:20
Rukia, tulishalizungumza hili. Sanduku nilipewa.

Shangazi Rukia, 08:20
Na nani?

Ami Suleiman (Muscat), 08:31
*Ujumbe huu umefutwa*

Ami Suleiman (Muscat), 08:33
Lingebaki pale lingeliwa na mchwa.

Shangazi Rukia, 08:34
Mchwa wa miaka 16. Na cheti chake cha udereva kimo humo, na barua ya yule injinia. Nilikuomba, ukasema utakuja nalo.

Mwanakhamis, 13:10
Assalaam alaykum. Niko na Bibi. Nimemsomea yote tangu jana. Kaniambia "washa hiyo".

Mwanakhamis, 13:18
🎤 Ujumbe wa sauti, 3:12

Mwanakhamis, 13:35
Wanaosema haufunguki, nauandika kama alivyosema:

"Mume wangu alikuwa dereva. Asubuhi akiwachukua mainjinia mjini kuwapeleka Tunguu, jioni akiwarudisha. Siku ile aliyopita yule mtu wao wa angani ilikuwa Ramadhani. Nilimfungia tende na kaimati kwenye kitambaa. Aliporudi akaniambia, leo tumeambiwa tukae kimya, ndani wanasema na mtu aliye juu, daktari anamuuliza hali yake. Ilikuwa saa kumi na mbili na robo jioni, adhana haijalia. Akatoka nje akaangalia mbingu, hakuona kitu. Adhana ilipolia akala tende yake. Ndiyo aliyoyafanya Tunguu, sina jingine la kuwaambia.

Walipoambiwa waondoke walifunga mitambo yao wakaenda zao. Hapana aliyeuliza dereva anabaki na nani. Mmoja tu ndiye aliyeandika barua, nayo ilikuja baada ya mwaka.

Zuwena aseme. Amtaje kwa jina lake na jina la baba yake. Yule aliyekwenda kumtaja mume wangu, yeye asitajwe. Nilimsamehe siku aliyokuja kunisalimia na kilo mbili za sukari, akalia barazani. Watoto wake wamo humu humu mnamoandikiana. Suleiman, sanduku sikukupa. Nilinyamaza."

Mzee Vuai, 15:22
Shikamoo Bibi.

Mwanakhamis, 15:25
Anasema marahaba, na anakuuliza mguu unaendeleaje.

Mzee Vuai, 15:31
Alhamdulillahi.

Shangazi Rukia, 16:02
Basi. Bibi kasema. Zuwena andika. Iliyobaki ni picha.

Alhamisi

Ami Suleiman (Muscat), 05:50
Mama nimekusikia. Nitakupigia simu mwenyewe. Rukia, sanduku liko stoo ya nyumba ya zamani, ufunguo anao mpangaji, naye yuko Salalah mpaka Jumapili.

Shangazi Rukia, 05:58
Mkutano ni Jumamosi, Suleiman.

Ami Suleiman (Muscat), 06:04
Nimesema nitaangalia.

Mama Fat-hiya, 09:15
Kuna ile nyingine ya harusi ya Mwanaidi, Babu kwa nyuma anaonekana nusu. Nani anayo?

Khamis (Dar), 09:40
Ninayo mie ila iko kwenye simu yangu ya zamani, kioo kimevunjika. Nikipata fundi Kariakoo leo jioni naituma.

Shangazi Rukia, 09:41
"Nikipata" siitaki. Unakwenda au huendi?

Khamis (Dar), 12:26
In shaa Allah

Zuwena, 16:48
Kwa waalimu wangu nimeomba mpaka Ijumaa saa sita usiku ya huku, kwenu ni Jumamosi saa moja asubuhi. Nimeacha nafasi ya picha katikati ya ukurasa. Ami, ile barua ya injinia ukiifikia, hata picha ya simu inatosha. Nataka kuona kamwita Babu kwa jina gani.

Ami Suleiman (Muscat), 23:07
Nimempata mpangaji. Anasema ufunguo kauacha kwa jirani. Jirani hapokei.

Shangazi Rukia, 23:08
Mpigie tena.