Wanafunzi wangu wanataka maisha ambayo kazi walizochagua haziwezi kuyalipia. Niwasaidieje?

Mwalimu wa Hesabu

Habari zenu wakuu. Nafundisha hisabati kidato cha tatu, na mwaka huu nimekabidhiwa pia kipindi cha ushauri wa kazi. Wiki iliyopita niliwapa wanafunzi karatasi mbili. Ya kwanza waandike kazi wanayoitaka. Ya pili waeleze siku moja tu ya maisha yao wakiwa na miaka 30: wanaamka kwenye nyumba gani, wanaishi na nani, wanafikaje kazini, nani anawategemea. Kisha tukaigeuza ile siku kuwa gharama za mwezi mzima.

Binti mmoja, anayechora vizuri kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha, anataka kuchora vitabu vya watoto. Anataka pia nyumba yenye chumba cha kuchorea, gari, watoto watatu, na kumtunza mama yake. Alipojumlisha, gharama zikawa karibu mara mbili ya kipato alichokadiria. Akaikunja karatasi, akaniuliza: "Kwa hiyo niache kuchora?" Nikabaki kimya mpaka kengele ikalia.

Kumdanganya sitaki, na kumkatisha tamaa sitaki. Mliowahi kufanya zoezi la namna hii, mliliendeshaje?

Karani wa Mishahara

Mwalimu, hongera kwa kuanza na maisha kabla ya mshahara. Nimeandaa mishahara ya watu miaka 14, na kila mwaka napokea vijana wanaoshtuka kwa malipo yao ya kwanza, kwa sababu hesabu zao zote walizipiga kwa mshahara ghafi. Kodi ya mapato, pensheni na bima hawakuvikumbuka.

Wewe ni mtu wa hesabu, kwa hiyo wafundishe kurudi kinyumenyume. Tuseme makato ni asilimia 25 na maisha yanahitaji 75 mkononi. Wengi wataongeza asilimia 25 juu ya 75, wapate 93.75. Ukikata makato hapo, zinabaki 70 na kidogo, na pengo hilo litawafuata kila mwezi. Hesabu sahihi ni 75 kugawa kwa 0.75, yaani 100.

Halafu muulize huyo binti kipato alikikadiria kutoka wapi. Kama ni wastani, awe mwangalifu, hasa kwenye sanaa. Wachoraji 10, tisa wakipata 10 kila mmoja na mmoja akipata 110, wastani unakuwa 20, ingawa hakuna hata mmoja anayepata 20. Awapange kuanzia anayepata kidogo hadi anayepata zaidi, aangalie kipato cha aliye katikati. Tena aangalie mwaka wa kwanza wa kazi na mwaka wa kumi, asiishie kwenye namba moja.

Fundi Samani

Mwalimu, huyo binti atakuwa kama mimi, mtu asiye na tarehe ya mshahara. Nilipoanza useremala, mwezi wenye oda nyingi nilijiona tajiri, mwezi uliofuata nikakopa kodi ya nyumba. Siku hizi najilipa kiasi kilekile kila mwezi, na ziada ya miezi minono haitoki kwenye akaunti ya karakana. Hiyo ziada ndiyo inayonilisha kazi zikikauka.

Vifaa pia ni gharama ya mwezi. Mashine itakayodumu miaka minne, gawa bei yake kwa 48, uitenge hiyo fedha kuanzia leo. Yeye ana rangi, karatasi, labda na kompyuta. Na mwambie hivi kutoka kwangu: hakuna aliyesema lazima achore tu. Mimi hupokea wanagenzi Jumamosi, na ada zao zimenivusha mahali ambapo samani peke yake zingenikwamisha.

Mama wa Wawili

Naomba hesabu za mtoto zibaki kati yako na yeye. Kuna mtoto darasani ambaye nyumbani kwao wanaishi kwa chini ya kile mwenzake alichokiita "maisha ya shida". Akisikia hivyo mbele ya wenzake, hatakuandikia ukweli tena.

Na bei zipande kwenye karatasi zao. Zikipanda asilimia 6 kwa mwaka, baada ya miaka 12 hivi zinakuwa maradufu. Mwenye miaka 16 leo atakuwa na 28.

Mwalimu wa Hesabu

Asanteni sana. Mama wa Wawili, nimekusanya karatasi zote, na sasa nakaa na mwanafunzi mmoja mmoja.

Jana nilikaa na binti yule. Nilimpa penseli, nikamwambia kila mstari unaweza kufutwa, hata ule wa kazi. Gari alilifuta mwenyewe bila kusita. Chumba cha kuchorea alikipunguza kikawa kona ya sebule, halafu akabadili mawazo, akakirudisha. Watoto watatu akawawekea alama ya kuuliza. Mstari wa mama yake hakuugusa. Pengo lililobaki akaliandikia: "kufundisha kuchora, siku mbili kwa wiki." Bado hesabu haijafunga, lakini karatasi safari hii hakuikunja.

Aliondoka na swali lililonishinda: wachoraji wa vitabu hulipwa kwa mkupuo, yaani mara moja tu, au kwa mrabaha, yaani sehemu ya mauzo ya kitabu, na lipi linafaa kwa anayeanza? Kama kuna mchoraji humu, tafadhali. Nimemwahidi jibu Jumatatu.