Manjano yangu yamegoma kuchipua hapa Dodoma, naomba ushauri

Swali

Ndugu wanajukwaa, mwezi Juni nilinunua nusu kilo ya manjano sokoni ili niyaoteshe kwenye viroba nyuma ya nyumba, kwa kuwa bizari ya unga tunayouziwa siku hizi nashindwa kuiamini. Niliyafukia kwenye udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi, nikayamwagilia kila jioni bila kukosa. Baada ya wiki saba nilifukua na kukuta baadhi yamelainika na kunuka, na mengine yako vilevile, magumu kama kokoto. Shangazi yangu wa Muheza huyafukia chini ya migomba na kuyasahau, nayo huota. Je, kosa ni la mbegu, au ni Dodoma yenyewe isiyoyataka?

Jibu la kwanza

Pole sana, ndugu. Hayo magumu hayakuwa mbegu tangu mwanzo. Manjano ya kusaga kwa kawaida huchemshwa kwanza, kisha huanikwa juani kwa siku kumi au zaidi, na tunguu lililochemshwa halioti hata ulimwagilie mwaka mzima. Siku nyingine, kabla ya kulipa, likwaruze kwa ukucha: tunguu bichi huacha rangi ya chungwa kwenye kidole, nayo haitoki kwa sabuni ya siku moja, ilhali lililochemshwa na kukaushwa ukucha hauliingii. Chagua yaliyonona, yenye macho yaliyovimba.

Jibu la pili

Nakubaliana na aliyetangulia, ila yale yaliyooza yana kisa kingine. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku wetu huwa wa baridi, na manjano hulala wakati huo. Tunguu lililolala halina majani wala mizizi ya kunywa maji, hivyo kulimwagilia kila jioni ni kulizamisha. Mimi huyalaza kwenye mchanga wenye unyevu kidogo sana, ndani ya kasha jikoni, mwezi Oktoba joto linaporudi, na huyahamishia kwenye ndoo zilizotobolewa chini pale tu ncha zinapojitokeza. Huyafukia kina cha sentimita 5 hivi, macho yakitazama juu, na kuyaweka chini ya mwarobaini ili jua la mchana lisiyababue majani.

Shangazi yako asikukatishe tamaa. Mmea huu umezoea mvua ya milimita 1,000 na zaidi kwa mwaka, nasi hupata kama 600 tu, zikianza Desemba na kukatika Aprili, wakati manjano huhitaji miezi minane hadi kumi ardhini. Kwa hiyo mvua zikikatika, ndipo kazi ya ndoo ya maji inapoanza, hadi majani yenyewe yatakapokauka. Samadi nayo iwe imeoza kabisa. Ile inayotoka zizini moja kwa moja huunguza.

Jibu la tatu

Naongeza kuhusu maji. Kama kisima chako kina chumvi, kama vilivyo vingi vya huku, kingo za majani zitakauka mapema, nawe utadhani ni kiu na kuzidisha maji yaleyale. Kinga maji ya mvua kwenye mapipa.

Muuliza swali

Nawashukuru. Nimeyakwaruza yaliyobaki kwenye kapu, na kati ya kumi na moja, mawili tu yamenipaka rangi kidoleni. Nimeyahifadhi pakavu hadi Oktoba.