Binti yangu ametozwa mitihani mitatu ya mkanda kwa kata (mfululizo wa miondoko ya karate) ileile moja, eti kwa kuwa "zote zimetoka Shotokan"

Ndugu wanajamvi, heshima kwenu. Nina hasira ambayo siku nne hazijaipoza, na naomba mnivumilie kwa urefu wa uzi huu, kwani bila kueleza undugu wa mitindo ya karate sitaweza kuonyesha jinsi nilivyoliwa fedha zangu.

Baada ya kuhamia mtaa mpya tulimwandikisha binti yetu wa miaka 11 katika klabu yenye bango linalotangaza kwamba hapo hufundishwa Shotokan, Goju-ryu na Kyokushin. Jumamosi iliyopita alifanya mitihani mitatu ya mkanda wa njano, mmoja kwa kila mtindo, nami nikalipa shilingi 30,000 kwa kila mmoja. Nilikaa kwenye benchi nikatazama mwanzo hadi mwisho. Mara zote tatu mtoto alitakiwa kuonyesha kata moja tu, Heian Shodan. Nilipomuuliza mwalimu, alinipeleka kwenye mchoro wa mti uliobandikwa ukutani, Shotokan ikiwa shina na mitindo mingine yote ikiwa matawi, akaniambia, "Mzazi, karate ni moja, zote zimetoka humu." Mimi nimefanya mazoezi ya Goju-ryu kwa miaka 15. Pale nilinyamaza kwa sababu watoto walikuwa wanasikiliza, lakini hapa sinyamazi.

Mchoro ule ni uongo. Karate ilikulia Okinawa, katika visiwa vilivyokuwa na ufalme wao wa Ryukyu hadi Japani ilipovitwaa mwaka 1879, na wenyeji waliitaja kwa majina ya miji yao: Shuri-te, Naha-te na Tomari-te, yaani mkono wa Shuri, wa Naha na wa Tomari. Itosu Anko wa Shuri ndiye aliyeiingiza katika shule za Okinawa mwanzoni mwa karne ya 20, na ndiye aliyetunga kata tano za Pinan ili wanafunzi wapate pa kuanzia. Mwanafunzi wake Funakoshi Gichin alikwenda Tokyo mwaka 1922, akabaki huko kufundisha, na baadaye akazipa Pinan jina la Heian huku akibadilishana nafasi za kata ya kwanza na ya pili. Kwa hiyo Heian Shodan ambayo binti yangu aliirudia mara tatu ni Pinan Nidan ya mzee Itosu. Hata jina Shotokan lilianza kama jina la dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, tu, wanafunzi wakilitoa kwenye Shoto, jina ambalo Funakoshi alilitumia katika mashairi yake. Sasa ni mti gani huo ambao shina lake lina baba na babu?

Goju-ryu haikupita kabisa kwa Funakoshi. Ilitoka Naha, kwa Higaonna Kanryo aliyekwenda kujifunza Fuzhou nchini China, kisha ikapewa jina na mwanafunzi wake Miyagi Chojun. Ndani yake hamna Heian wala Pinan. Anayeanza hufundishwa kata za Gekisai, ambazo Miyagi alizitunga karibu na mwaka 1940, na kata ya Sanchin, ambayo huhangaika nayo maisha yake yote: miguu karibu, vidole vikielekea ndani kidogo, mwili umekazwa, pumzi inasikika. Mwenye Shotokan hutanua hatua na kushuka chini, akalifikia lengo kutoka mbali. Mtoto aliyezoezwa kusimama namna ya pili hajajifunza namna ya kwanza, hata ukimpa vyeti kumi. Nilipomtajia mwalimu Sanchin alicheka, akasema hilo ni zoezi la kupumua la wazee. Hapo ndipo damu ilinichemka.

Anayetaka kuona mikondo hiyo miwili ikikutana aitazame Shito-ryu. Mabuni Kenwa alijifunza kwa Itosu na pia kwa Higaonna, akaunda jina la mtindo wake kutokana na herufi za majina ya walimu hao wawili, na ndiyo maana mtindo huo una kata nyingi kiasi hicho. Wado-ryu ndiyo inayoweza kusemwa kwamba imepitia kwa Funakoshi, lakini mwanzilishi wake, Otsuka Hironori, alikuja na jujutsu yake (mapigano ya Kijapani ya kukamatana na kuangushana) tayari, akazichanganya.

Kwenye Kyokushin namwachia mwalimu nafuu kidogo, maana Oyama Masutatsu alijifunza kwa Funakoshi na pia akajifunza Goju-ryu, kwa hiyo mtindo wake una Pinan na Sanchin pia. Lakini Kyokushin ni mapigano ya kugusana kwa nguvu zote, ngumi za mwilini na mateke mpaka kichwani, bila ngumi za usoni. Binti yangu tangu aandikishwe hajawahi kupigana na mtu yeyote, hata kwa mazoezi. Cheti cha Kyokushin kinathibitisha nini?

Najua kuna atakayeniambia kwamba zote ni ngumi na mateke, nisimsumbue mwalimu anayetafuta riziki. Kama angefundisha Shotokan peke yake na kuitangaza hivyo, ningelipa kwa furaha, kwa maana Heian ya binti yangu ni nzuri na kazi hiyo mwalimu ameifanya. Ninachokataa ni kulipishwa mara tatu kwa kitu kimoja, kisha watoto wadanganywe asili ya kile wanachojifunza ili malipo hayo yaonekane halali.

Nimemwandikia ujumbe nikidai nirudishiwe shilingi 60,000 za mitihani miwili na mchoro ule utolewe ukutani. Amenijibu kwa sentensi moja kwamba ada ya mtihani hairudishwi. Vyeti vyote vitatu ninavyo, vina tarehe moja na saini moja. Kama humu kuna mzazi mwingine mwenye vyeti vya namna hii, naomba anijibu hapa, ili safari ijayo tuende kudai tukiwa wengi.