Mrejesho: Injini ya babu nimeiona

Asanteni mlionijibu nilipouliza kama injini za mvuke aina ya Garratt, ambazo marehemu babu alichochea moto wake kati ya Mombasa na Nairobi, bado zipo. Huku Malindi hatuna reli, nikapanda basi hadi Makumbusho ya Reli, Nairobi. Ipo! Namba 5918, Mount Gelai, moja kati ya injini 34 za daraja (kundi) la 59 zilizoundwa na kampuni ya Beyer Peacock, Manchester, Uingereza, kila moja na jina la mlima wake. Tani 252 juu ya reli ya upana wa mita moja! Boila, yaani tangi la kuchemshia maji, imening'inia katikati, magurudumu yamegawanywa mbele na nyuma, ndivyo ilivyopinda kona. Na kweli ilichoma mafuta mazito, si makaa, kama alivyosema babu. Nilishika kile chuma, machozi yakanitoka.