Naombeni ushauri: nguvu za spini kati ya barioni nizieleze kwa mesoni au kwa kwaki?

Mleta uzi: Wakuu habari zenu. Niko masters ya fizikia, semina yangu ni nguvu zinazotegemea spini (mzunguko wa asili wa chembe) kati ya barioni (chembe za kwaki tatu, kama protoni na nyutroni). Protoni na nyutroni ndani ya kiini zina nguvu kubwa ya spini na obiti (inayounganisha spini ya chembe na mzunguko wake ndani ya kiini), ndo hiyo Mayer na Jensen waliitumia 1949 kueleza zile namba 2, 8, 20, 28, 50 za protoni au nyutroni zinazofanya kiini kiwe imara zaidi, lakini ukiweka Lambda (barioni yenye kwaki geni, s) mule ndani nguvu hiyo karibu inapotea kabisa. Kwenye kaboni-13 yenye Lambda, maabara ya Brookhaven kule Marekani walipata ngazi mbili za nishati zimeachana kama keV 150 tu, wakati kwenye oksijeni-15 ya kawaida ni karibu MeV 6 (MeV 1 ni keV 1,000)! Supavaiza anapenda mesoni (chembe za kwaki na antikwaki ambazo barioni hurushiana), mimi navutwa na kwaki (chembe zinazounda barioni zenyewe). Nishike ipi?

Kipala: Shika kwaki mkuu, ila anzia ndani ya Lambda yenyewe. Ina kwaki tatu, u, d na s, na kwenye modeli rahisi ya kwaki hao u na d wamefungana spini yao jumla ni sifuri, kwa hiyo spini yote ya Lambda anaibeba s peke yake. Ushahidi upo, momenti ya sumaku ya Lambda ni magnetoni za kiini −0.613 na inakaa vizuri na hesabu ya s mmoja.

Mama Fizikia: Hapo kuna kitu usikiruke mdogo wangu. Kati ya Lambda na nukleoni (protoni au nyutroni) kuna nguvu mbili za LS, yaani za spini na obiti, moja inafuata jumla ya spini zao, nyingine inafuata tofauti ya spini. Hii ya pili kwa nukleoni mbili isospini (ulinganifu wa protoni na nyutroni) inaizuia, kwa Lambda imeruhusiwa. Sasa ukipiga hesabu ya kubadilishana kwaki pamoja na gluoni (chembe zinazogundisha kwaki), hiyo ya pili inatoka kubwa na alama yake ni kinyume na ya kwanza, zinafutana, ndo maana kwa Lambda nguvu hiyo karibu inapotea. Modeli za mesoni nazo zinafuta, ila kwa kawaida kidogo zaidi.

Mleta uzi: Daah asante sana dada, kwa hiyo mesoni niziache?

Mama Fizikia: Hapana, usiziache! Masafa marefu ni ya payoni (mesoni nyepesi kuliko zote) tangu Yukawa 1935, nguvu ya tensa (inayotegemea mwelekeo wa spini) inayoshikilia deuteroni (protoni moja na nyutroni moja) huwezi kuipata bila hiyo. Kwaki ziingize pale barioni zinapoingiliana, chini ya femtomita moja hivi. Mpelekee supavaiza zote mbili, na hesabu ya kufutana iandike kwa mkono wako ubaoni, maswali yatatokea hapo hapo.